Dalali anataka tuchange tununue meli iliyotelekezwa pwani tuikate vyuma. Kuna anayejua haya mambo?

Fundi_wa_Geti (Kariobangi)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Kariobangi Light Industries. Natengeneza mageti, grili za madirisha na stendi za matangi ya maji. Leseni ya vyuma chakavu ninayo. Niliitafuta biashara ilipofunguliwa tena Mei 2022, maana ile marufuku ya Januari ilitubana vibaya na sikutaka kukimbizana na askari tena.

Sasa kuna dalali, mtu ninayemfahamu kupitia shemeji yangu, amenijia na hesabu. Anasema kuna meli ya mizigo imepanda mwamba kaskazini ya Malindi. Mwenyewe hayuko, mabaharia walishakwenda zao. Kulingana naye ina tani 1,800. Anataka tuchange watu watano, tumpe amana mtu aitwaye "mwenye karatasi", halafu tukate wenyewe na kuleta vyuma Nairobi kwa trela. Alinionyesha picha moja kwenye simu: ubavu mzima ni kutu, jina limekwanguliwa, mnyororo wa nanga unaning'inia. Mimi pleti nikiiona najua. Pale pana milimita 12 na zaidi, na siku hizi pleti ya namna hiyo mpya hainunuliki.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kama jambo hili ni halali. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nimeingia mtandaoni nikakuta picha za Mauritania, mahali panaitwa Nouadhibou, meli tele zimelala ufuoni zinaoza. Namibia nako kuna nyingine ziko mchangani kabisa. Kama chuma ni pesa, mbona hizo hakuna aliyezikata? Huku kwetu kifuniko cha mtaro kikiachwa usiku, asubuhi hukikuti.

Kaka_Umoja

Nairobi watu wameuziwa ploti moja mara tano. Leo tumefika kwenye meli. Naomba kujua kama hiyo meli ina "ready title deed" au tunangoja succession 😂

Wakala_Kilindini

Mwacheni jamaa, ameuliza vizuri kuliko wengi wanaokuja ofisini kwetu.

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ndogo tunayo Nairobi pia, Industrial Area. Kwa upande wa karatasi ni hivi. Leseni yako ni ya Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015. Inakuruhusu kununua na kuuza vyuma chakavu, haikupi ruhusa ya kupanda juu ya meli ya mtu na kuanza kukata. Meli iliyoharibika au kukwama iko chini ya Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2009, nayo ina ofisa wake wa kupokea taarifa za mabaki ya meli. Ukichukua kitu kwenye mabaki hayo bila kumwarifu, umevunja sheria hata kama ni bawaba ya mlango.

Halafu forodha. Meli ya nje ikikatwa hapa, kwa macho ya forodha umeingiza bidhaa nchini. Kitabu cha ushuru kina namba yake kabisa, 8908, vyombo vya majini vya kuvunjwa. Halafu NEMA, mamlaka ya mazingira, watataka tathmini ya mazingira kabla hujawasha moto. Yote hayo anayalipa nani kati ya hao watano? Muulize dalali.

Na hesabu ya trela aliifanya? Trela inabeba tani 28 hivi. Tani 1,800 ni safari zaidi ya 60, Malindi hadi Kariobangi, na mizani ya Mariakani haina mchezo.

Serahangi_SouthB

Mwanangu Fundi, salaam. Mimi ni mtu wa Lamu ila nimezeekea South B kwa ajili ya wajukuu. Nimefanya kazi melini maisha yangu yote, nikastaafu nikiwa serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha. Kutu naijua kwa harufu. Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ukilielewa hilo, la kwanza litajijibu lenyewe.

Meli ina thamani ya chuma ikiwa bado inakwenda. Wanunuzi wakubwa wa meli kuukuu wako Alang kule Gujarat, India, na Chattogram Bangladesh, na Gadani Pakistani. Wanalipa kwa tani ya uzito wa meli tupu. Lakini wanailipia kwa sababu meli inawafikia yenyewe. Alang bahari inajaa na kupwa kwa takribani mita 10. Nahodha anangoja bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakijaa sawasawa anaielekeza omo, yaani mbele ya meli, ufuoni na kufungulia injini nguvu zote mpaka inapanda tope. Maji yakipwa, meli imekaa karibu mahali pakavu, watu wanaiendea kwa miguu na mitungi yao ya gesi. Hakuna kreni ya kuifuata baharini wala tishari, ile boti bapa ya kubebea mizigo. Bahari yenyewe imefanya kazi ya kuibeba.

Sasa chukua hiyo yako. Imepanda mwamba. Haiwezi kwenda popote. Kati yake na barabara kuna mwamba, mawimbi na ufuo. Kila pleti utakayokata lazima ishuke kwenye tishari, na tishari haikai karibu na mwamba kusi likivuma. Wewe utalipa tishari hata siku ambazo hukukata kitu. Na meli iliyokaa juu ya mwamba haikungoji. Wimbi linainyanyua kidogo na kuiangusha, linainyanyua na kuiangusha, hadi mkuku, ule uti wa chini wa meli, unavunjika. Hapo una vipande viwili, kimoja kikiwa chini ya maji, na mafuta yaliyobaki yamekwisha kwenda kwenye mikoko ya watu. Meli hiyo si mali tena. Ni gharama, na aliye na jina kwenye karatasi ndiye atakayedaiwa gharama hiyo.

Hiyo ndiyo siri ya Nouadhibou. Wanaopajua husema zilifika kama 300, nyingi za uvuvi. Serikali ya Mauritania ilipoitaifisha sekta ya uvuvi miaka ya 1980 nyingi ziliachwa pale, na baadaye ikawa inajulikana kwamba mwenye meli mbovu anaweza kuipeleka kwenye ghuba ile, kumpa mtu kitu kidogo mkononi, na kuondoka. Kuiondoa kihalali kungemgharimu kuliko chuma chake. Kwa hiyo zile meli hazikusahauliwa, mwanangu. Mtu alipiga hesabu akaona kuzitupa ni nafuu. Namibia ni habari nyingine. Eduard Bohlen ilikwama kwenye ukungu mwaka 1909, mchanga ukajaa upande wa bahari, na leo iko ndani ya jangwa karibu mita 400 kutoka majini. Barabara ya trela hakuna.

Sasa swali la kwanza, na hapa nazungumza kama mtu aliyewahi kuwa upande wa pili wa hiyo picha uliyoonyeshwa.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilituacha nje ya bandari ya Bahari ya Shamu. Kwanza mshahara ulichelewa, wakasema benki. Halafu wakala wa bandarini akaacha kupokea simu. Halafu mafuta ya jenereta yakaanza kuisha, tukawa tunaiwasha kidogo tu jioni, kuchaji simu na kusukuma maji ya kuogea. Chakula kilichobaki ni mchele na dengu. Kuni zilikuwa zile mbao za chini ya mizigo, tumezipasua kwa shoka la zimamoto, tunapikia kwenye pipa lililokatwa nusu pale shetrini, nyuma ya meli, ili moshi uende na upepo. Mvua haikunyesha hata siku moja. Mpishi wetu, kijana wa Ufilipino, alikuwa akipanga masufuria yake kwa ukubwa kila usiku, akiyafuta yote, hata yale ambayo hayakutumika. Kwenye sitaha kutu ilikuwa ikibanduka magamba mazito, na hakuna aliyeagizwa kugonga wala kupaka rangi, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa zito kuliko njaa. Meli ambayo serahangi wake hagongi kutu imeshakufa.

Kilichotutoa ni mahakama. Meli ilikamatwa kwa amri, ikapigwa mnada, na tukalipwa kabla ya benki. Sikiliza vizuri hapo: kabla ya benki. Mshahara wa baharia hauko kwenye mfuko wa tajiri peke yake, umeshikamana na meli yenyewe. Meli ikiuzwa kienyeji, deni linakwenda nayo kwa mnunuzi. Ni kama kununua gari ambalo logibuku yake iko benki: unaliendesha wiki moja, ya pili wanakuja kulichukua. Kinachofuta madeni yote ni mnada wa mahakama peke yake. Kwa hapa Kenya ni Mahakama Kuu, iliyopewa mamlaka ya mambo ya meli. Pesa ya mnada inalipa kwanza gharama za mahakama, halafu watu kama sisi na waokoaji wa meli, halafu benki, halafu waliouza mafuta na vyakula. Wengi wa mwisho huambulia patupu.

Kwa hiyo huyo "mwenye karatasi" ana karatasi gani? Ana hati ya mnada wa mahakama? Kama hana, nyuma yake kuna mpishi fulani anayedai, na akitokea atakudai wewe.

Jambo jingine, hizo tani 1,800 ni tani za nini? Zile tani zinazoandikwa kwenye cheti cha meli mara nyingi ni kipimo cha ujazo wa ndani, hazisemi chuma kina uzito gani. Wewe unataka uzito wa meli tupu. Dalali asiyejua tofauti hiyo hajawahi kuuza meli.

Mjuzi_Pangani

Mzee Serahangi, kwa heshima, naona unamtisha kijana. Bangladesh walianzaje? Mwaka 1960 kimbunga kiliitupa meli ya Wagiriki ufuoni Sitakunda. Ikakaa pale miaka, hakuna anayeitaka. Baadaye wenyeji wakaikata kwa vifaa duni kabisa. Leo ile ni sekta inayolisha viwanda vya nondo vya nchi nzima. Wangesikiliza wazee wa karatasi wasingepata kitu. Sisi Wakenya kila kitu ni leseni, halafu chuma tunaagiza nje.

Serahangi_SouthB

Mjuzi, hayo ni kweli na nakushukuru kwa kuyaleta. Ila soma ukurasa wa pili pia. Ile ilitupwa kwenye tope la Sitakunda, ufuo mpana unaotembelewa kwa miguu maji yakipwa. Sisi tuna mwamba, na bamvua yetu Mombasa ni mita 3 na kitu. Kisha nenda ukawaulize wa Gadani. Tarehe 1 Novemba 2016 walikuwa wanakata meli ya mafuta, matangi hayajasafishwa sawasawa, ikalipuka. Walikufa watu zaidi ya 20 na moto ukachukua siku kuzimika.

Fundi anajua kukata geti. Geti halina tangi la mafuta upande wa pili wa pleti. Melini unakata hapa na gesi iko nyuma ya ukuta, huioni, na wakati mwingine huinusi. Mabomba ya injini kwenye meli za zamani yamefungwa asbesto. Ukiyapasua kwa panga unavuta vumbi hilo leo na kifua kinakuuma baada ya miaka 20, wakati dalali hayuko. Rangi ya chini ya meli za zamani ina sumu ya kuua chaza, ukiipitishia moto unaivuta na hiyo. Mkataba wa Hong Kong kuhusu kuvunja meli uliafikiwa 2009 ukaanza kufanya kazi Juni 2025. Umechukua muda wote huo kwa sababu nchi za wavunjaji zilijua gharama yake.

Sijasema Kenya tusikate meli. Nasema watu watano wa Kariobangi wenye mitungi miwili ya oksijeni wasianze na iliyopanda mwamba.

Mama_Gigiri

Nimecheka, maana mkataba wa dunia wa kuondoa mabaki ya meli unaitwa jina la mji huu na hakuna aliyeutaja. Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli, ulipitishwa hapa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, tarehe 18 Mei 2007. Wakati huo nilikuwa katika kazi za mikutano pale, na nakumbuka mgeni mmoja akiniuliza kwenye foleni ya chai bahari iko umbali gani. Nikamwambia usiku mzima kwa basi. Akashangaa kwa nini wamekuja kuzungumzia meli huku juu.

Ulianza kutumika 14 Aprili 2015. Kiini chake ni kwamba mwenye meli ndiye anayelipa kuitafuta, kuiwekea alama na kuiondoa ikiwa ni hatari kwa meli nyingine au kwa mazingira, na meli ya kuanzia tani 300 za ujazo lazima iwe na bima ya kazi hiyo. Anayedai anaweza kwenda kwa kampuni ya bima moja kwa moja. Kwa hiyo Fundi, kama ile meli ni ya kweli, swali ni bima yake iko wapi. Bima ikiwepo, kampuni ya uokoaji ingekuwa imeshafika. Bima isipokuwepo, anayejitokeza akijiita mwenye meli anajitokezea gharama. Mimi ningejificha.

Kaka_Umoja

Mtu anayejificha ndiye mwenye meli, anayejitokeza ndiye dalali. Nimeelewa.

Fundi_wa_Geti (Kariobangi)

Wazee wangu, shukrani sana. Mzee Serahangi, ile habari ya mpishi imenikaa. Na hiyo ya gesi nyuma ya ukuta naielewa, kwa sababu pipa la mafuta lililooshwa vibaya limewahi kumrusha kijana hapa jirani, na lilikuwa pipa tu.

Lakini nataka kumpa dalali nafasi ya haki, ni mtu wa shemeji. Nimuulize kitu gani kimoja ambacho hawezi kukipindisha? Hati anaweza kunichapia River Road.

Serahangi_SouthB

Muombe namba ya IMO, lile shirika la bahari la Umoja wa Mataifa. Kila meli ya mizigo ya kuanzia tani 300 inayokwenda nchi za nje ina namba ya tarakimu saba ambayo haibadiliki hata meli ikibadilisha jina, bendera au tajiri. Siku hizi inaandikwa mwilini mwa meli kwa herufi za kuinuka au kuchongwa, nyuma shetrini au ubavuni, na tena ndani. Wanaokwangua jina huisahau hiyo. Ukiipata, ingia Equasis, tovuti ya taarifa za meli, ni bure ukijisajili, utaona majina yake ya zamani na kampuni. Kisha angalia orodha ya ILO, shirika la kazi duniani, ya mabaharia waliotelekezwa. Iko wazi kwa kila mtu, na meli ikiwemo utasoma wanadai nini. Tangu Januari 2017 tajiri anatakiwa awe na dhamana ya kuwarudisha makwao na kuwalipa mshahara wa hadi miezi minne. Enzi zetu haikuwepo.

Fundi_wa_Geti (Kariobangi)

Amenitumia sasa hivi. 8412367. Anasema nifanye haraka, kuna Wahindi wa Mombasa wanaitaka.

Serahangi_SouthB

Usiingie hata Equasis. Chukua kalamu. Tarakimu ya kwanza zidisha kwa 7, ya pili kwa 6, ya tatu kwa 5, ya nne kwa 4, ya tano kwa 3, ya sita kwa 2. Jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe sawa na tarakimu ya saba ya namba.

8 mara 7 ni 56. 4 mara 6 ni 24. 1 mara 5 ni 5. 2 mara 4 ni 8. 3 mara 3 ni 9. 6 mara 2 ni 12. Jumla 114. Inaishia na 4. Yake inaishia na 7.

Hakuna meli yenye namba hiyo, mwanangu.

Wakala_Kilindini

Hii sikuijua na niko bandarini kila siku. Naihifadhi.

Fundi_wa_Geti (Kariobangi)

Nimerudia mara mbili kwa kikokotoo, 114. Nimempigia. Kasema alikosea tarakimu moja, atanitumia nyingine kesho asubuhi, na kwamba amana imeshuka kwa nusu kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani.

Shemeji nimemweleza. Yeye alikuwa ameshaahidi kutoa shilingi 150,000, bado hajazitoa. Anauliza hiyo hesabu ya kuzidisha inafanyika vipi.